Makopa ya Midomo Mitano

Kaskazi inamalizia ukali wake,
jua la Wingwi bado linauma mpaka utosini.
Nakalia mbuzi, kwa kuwa kigoda kimevunjika,
namenya muhogo wa bustani ya uani.
Kisu ni kile kile, kimeliwa na jiwe la kunolea
hadi kimebaki wembamba wa jani la mchaichai.

Napasua, natoa uzi wa kati,
napanga jamvini, weupe juu:
huu wa Faki, huu wa Shaame,
huu wa Zuwena, huu wa baba yao,
huu wangu.

Mize, wifi yangu, anapita na ndoo,
anasimama, anahesabu kwa macho.
"Wifi, unamwanikia nani?
Faki yuko Maskati mwaka wa nne.
Zuwena ana jiko lake Chake.
Shaame yuko Unguja anakula chipsi.
Mmebaki wawili, na mmoja hana meno."

Namwambia: najua.
Kichwa kinajua.
Mkono ndio haujaambiwa.

Siku ya tatu wingu likazuka upande wa mikoko,
bila hodi, kama mdai.
Tukakimbia kuanua, mimi na Mize
na watoto wa chuoni waliokuwa wakipita,
mmoja akibeba makopa kwa kofia yake.
Tone la kwanza lilikuta jamvi tupu.
Ikanyesha kidogo, ikaondoka;
ilikuja kutuchungulia tu.

Siku ya nane nikagonga kipande kwa kipande:
kwa, kwa.
Hapo ndipo unajua maji yamekwisha kuaga.
Madebe matano, majani ya mwarobaini katikati,
vitambaa vya kanga zilizochakaa juu,
nikayapandisha darini, penye moshi,
pale mama mkwe alipokuwa akipandisha yake,
pale boriti imepakwa wanja wa miaka.

Ndimu nilizichana nne nne bila kuzitenganisha,
nikazishindilia chumvi na pilipili mbuzi
ndani ya chupa iliyokuwa ya kahawa.
Mchana juu ya ukuta, jioni ndani,
na kila nikiitwaa naitikisa
kama mtoto aliyejifanya amelala.

Masika yakaja na miguu yote.
Njia ya sokoni ikawa uji,
samaki wakawa habari za kusimuliwa.
Nikateremsha debe la kwanza,
nikafungua: jua likanipiga usoni.
Nikatwanga, nikachekecha, nikasonga bada.
Mzee akalila kwa ufizi, polepole,
akasema, "Halina mchanga."
Kwake yeye hiyo ni sifa.

Debe la Zuwena lilikwenda kwa Bi Kazija,
ambaye paa lake lilikuwa likimwagia kitanda.
Hakuomba. Nilimtuma mtoto
na uteo umefunikwa;
uteo ukarudi na mbirimbi, umefunikwa vile vile,
na hatukuzungumza lolote.

Debe la Shaame nililichelewesha.
Kila siku nilisema: kesho.
Fukusi hawakungoja kesho.
Nilipofungua, vumbi tupu,
na sauti ndogo, ndogo, ya kutafuna.
Mize alicheka hata akashika ukuta:
"Si ulitaka midomo?"
Nikawamwagia kuku, nao wakashukuru.

Achari ndiyo nilimpa mtu wa meli
ampelekee mwenyewe, mkononi.

Jana Shaame kapiga simu.
"Mama, chupa imevuja begini.
Mashati yote, hata lile la kazini,
yananuka jikoni kwetu.
Nimeyafua mara mbili, na bado
watu wananiuliza nimekula nini."

Nikanyamaza kidogo, kisu mkononi,
muhogo nusu umevuliwa nguo.
Kisha nikamuuliza:
na ndimu zenyewe,
zimebaki ngapi?